Kisiki Tulichokiita Mama

Harufu ya mkaratusi mbichi unaoungua, ile inayokwaruza koo, hainipiti hivi hivi. Hunirudisha kwetu pembezoni mwa Bunia, kwenye mteremko wa miti ya baba ulioshuka hadi kijitoni. Baba alikata kwa kuchagua, akiacha kisiki cha kufika gotini. Kisiki hicho tulikiita mama, kwa kuwa kilichipua tena, na miti iliyoota juu yake ndiyo watoto. Kuni zetu zilitoka hapo. Nguzo alizouza zilinisomesha mimi, na zilizofuata zingemsomesha mdogo wangu Furaha. Ole wako uguse kisiki! "Mukate watoto," alikuwa akifoka, "mama mumuache!"

Kisha baba akaenda Mongbwalu kuchimba dhahabu, akafia shimoni. Machozi hayajakauka, watu waliokimbia vita upande wa Aveba wakajaa uani kwetu, watoto mgongoni, masufuria kichwani. Ungewafukuza vipi? Mama aliwaruhusu wakate, na sisi tukakata, mpaka mteremko ukabaki visiki vitupu. Vingine vilishaanza kutoa machipukizi mekundu. Kila nikitoka shule nilipita kuyaangalia, maana yakikua, Furaha naye angesoma.

Jioni moja nikamkuta mama amepiga magoti kwenye matope, jembe mkononi, anang'oa kisiki chenye machipukizi.

"Mama! Baba alikataza!"

Hakugeuka. "Kuni iliisha, maharagi iko mubichi, mutoto wangu. Furaha atakula nini?"

Alikuwa analia kuliko mimi. Maharagwe yale yaliiva vizuri kabisa, na nikayala yote. Baada ya hapo kila mtu aling'oa. Visiki vikaisha, mvua ikasomba udongo, na Furaha hakuanza shule.

Leo mteremko ule ni makorongo matupu. Furaha ni mtu mzima mwenye watoto wake, na bado huniletea simu nimsomee ujumbe. Inaniuma, inaniuma sana. Makaa, au makala kama mama anavyoyaita, nanunua sokoni, na wauzaji husifia yale ya visiki kwamba hayazimiki upesi, nami nanunua hayo hayo. Mama, ambaye siku hizi haoni, hukaa nami jikoni. Nikiwasha jiko hunusa kwanza.

"Hii makala, haiko ya kisiki?"

"Hapana, Mama," namjibu kila siku, huku nikipepea.