Mapipa ya Mjane Thomasine

Kwa miaka kumi na moja Philippa Garrod amekuwa akichungulia, kupitia nyaraka, nyumba za watu waliokufa karne tatu na ushee zilizopita. Muulize nani katika mji wa Norwich, Uingereza, wakati huo alikuwa na sufuria ya shaba, nani alijifanya tajiri huku analalia majani makavu. Atakutajia hadi chumba. Muulize yeye mwenyewe atafundisha wapi mwakani, atabadili mazungumzo. Ana shahada tatu na mikataba ya miezi tisa tisa, kama mimba, ila hii haijazaa kitu.

Sasa ilikuwa imetangazwa kazi ya kudumu, moja tu. Mwenyekiti wa jopo la usaili: Profesa Julian Howlett, ambaye kitabu chake kuhusu kaya za Norwich kila mwanafunzi hukibeba na wachache hukimaliza.

Siku mbili kabla ya usaili, Thirkettle wa nyumba ya nyaraka akampigia simu.

"Dokta, karatasi yako imetoka kwa mafundi. Njoo kabla haijabadili mawazo."

Miaka sita Philippa alikuwa akiiomba, na miaka sita akijibiwa kwamba imeliwa na ukungu, haishikiki. Ilikuwa orodha ya vitu vilivyokutwa katika nyumba ya Dunnock, yakiwemo mapipa kumi na manne ya bia, Februari 1642. Bwana Dunnock alizikwa Agosti 1642. Howlett, aliyesoma muhtasari tu uliochapwa na kasisi mmoja, alipiga hesabu ya haraka: Februari huja kabla ya Agosti, basi mpika bia ni mume, mke alifagia tu.

Lakini Waingereza wa enzi hizo walibadili mwaka mwishoni mwa Machi. Februari yao ya 1642 ilikuja baada ya Agosti ya 1642. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza, wiki ya pili.

Na karatasi yenyewe ilisema wazi: nyumba ya Thomasine Dunnock, mjane.

"Mbona huchekelei?" Thirkettle akauliza.

"Nichekelee nini, bwana wee? Mwenye kosa ndiye mwenye kazi."

"Basi Alhamisi waeleze habari za vitanda. Vitanda havina adui."

"Nisubiri miaka sita, halafu nikaeleze vitanda?"

Hata hivyo, Alhamisi asubuhi alikifuta kipande cha mjane kwenye maelezo yake, akakirudisha, akakifuta tena. Aliingia na vitanda. Mambo yalikwenda vizuri, hadi Howlett alipotabasamu.

"Dokta Garrod, huoni unawapa wanawake hawa sifa kupita kiasi? Mathalani nyumba ya Dunnock. Mume ndiye aliyekuwa mpika bia."

Philippa alijikuta akijibu kabla hajaamua kujibu.

"Nyumba hiyo nimetoka kuisoma juzi, Profesa. Mume alikuwa kaburini miezi sita. Mapipa ni ya mkewe."

Akaeleza tarehe. Mama mmoja wa jopo akakohoa ndani ya kikombe chake cha chai, kikohozi chenye kicheko.

"Aa, kalenda ya kale," Howlett akasema. "Jambo dogo."

"Dogo sana. Limemnyang'anya mama wa watu kiwanda chake."

Jumatatu barua ikaja: ushindani ulikuwa mkali, wanamtakia kila la heri. Kazi aliipata kijana aliyemsifu Howlett mara nne ndani ya dakika kumi.

Ijumaa ikaja nyingine, kutoka kwa Howlett mwenyewe. Anatayarisha toleo la pili la kitabu. Je, Dokta Garrod angekuwa na ukarimu wa kumtumia picha za ile karatasi, kwa moyo wa kitaaluma?

Philippa aliandika matusi, akayafuta. Aliandika jibu la adabu, akalifuta pia. Mwisho akatuma hili: "Picha utaziona kwenye makala yangu. Nimeshaipeleka jaridani."

Makala yenyewe hakuwa ameiandika hata mstari. Alisonya, akafungua ukurasa mtupu, akaanza kuandika kwa kasi ya mtu anayefukuzwa.