Mtutu Niliouita Bomba

Bunduki yangu ya kuwindia ina leseni na mitutu miwili ya kubadilisha. Skrubu ya kushikilia mtutu mrefu ilipotea, nikaitafuta hadi Nairobi nikaikosa. Basi nikampelekea Odhiambo, fundi wa kuchomelea hapa Rangwe, mtutu wenyewe ili achonge skrubu ya kutosha tundu lake. Kwa kuogopa maneno ya watu, nikamwambia ni bomba la pampu ya maji.

Juzi nilirudi, nikakuta wateja wamejaa. Odhiambo akaniinulia mtutu:

“Mwalimu, skrubu ya nini? Nimeziba hilo tundu, nikachomelea koki hapa mbele. Haivuji hata tone!”

Askari anayekagua bunduki zetu zenye leseni, aliyekuwa ameleta geti lake lichomelewe, aliupokea mtutu kwa Odhiambo, akasoma nambari ya bunduki iliyochongwa juu yake, akanitazama.

“Mwalimu, hili ni bomba?”

Nikajibu, “Sasa ni bomba, afande.”