Mstari Usiokubali Kurefuka

Mwishoni mwa mwaka 1994 nilipata kazi ya kupiga chapa katika hospitali moja ya Kigali. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Kimisagara na shangazi yangu. Katika ukoo wetu tulikuwa tumebaki sisi wawili. Tulivyobaki sitasimulia hapa. Nitasema tu kwamba asubuhi ya kwanza ya kazi shangazi alitoa shati la marehemu mume wake, akalipiga pasi ya mkaa, akanifunga vifungo mwenyewe kana kwamba nakwenda kuoa.

Hospitali ilikuwa na wodi ya watoto waliodhoofika kwa njaa, na wauguzi wa wodi ile walikuwa wametoka kila upande. Wapo waliozaliwa na kukulia Bujumbura, ambao walisomea kazi yao kwa Kifaransa. Wapo waliotoka Uganda, ambao dawa na vipimo walivijua kwa Kiingereza tu. Wengine walikuwa wamekulia Tanzania, kitabu chao kilikuwa cha Kiswahili. Na walikuwepo wachache wa hapa hapa mjini, waliorudi kazini wakiwa kimya. Kinyarwanda karibu wote walikisema, lakini kusema si kusoma. Wengi walikuwa wamekipata nyumbani kwa wazazi, masikioni, na hawajapata kukiona kwenye karatasi.

Mkuu wa wodi alikuwa daktari mwanamke aliyekulia Uganda. Alikuwa ameandika kwa mkono maelekezo ya kumlisha mtoto aliyedhoofika, hatua moja baada ya nyingine, kwa sababu mtoto wa namna ile ukimshibisha ghafla unaweza kumpoteza. Alitaka maelekezo hayo yabandikwe ukutani kwa lugha nne, zikisimama sambamba. Nilimuuliza kwa nini tusitoe karatasi nne, kila mmoja asome yake. Alinijibu kwamba wauguzi wake wanafanya kazi wawili wawili, na mara nyingi wawili hao hawasomi lugha moja. Alitaka mmoja aweke kidole kwenye hatua, na mwenzake aione hatua ile ile kwa lugha yake, palepale pembeni.

Kazi ya kutafsiri Kiswahili nilipewa mimi, kwa kuwa nyumbani kwetu ndicho tulichokuwa tukisema tangu enzi za babu. Lugha nyingine zilitafsiriwa na wauguzi wenyewe. Kilichobaki ni kupiga chapa, na hapo ndipo penye habari.

Kompyuta ilikuwa moja, imesalia katika chumba cha mhasibu, kioo chake kina mkwaruzo kutoka kona hadi kona. Ilifanya kazi asubuhi tu, jenereta lilipowashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Diski za programu nyingine zilikuwa zimepotea, ndani mkabaki programu moja: ile ya majedwali, iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu. Aliyeijua alikuwa mhasibu mwenyewe, dada mmoja aliyekuja kutoka Bujumbura, ambako alikuwa ameitumia katika kampuni ya kahawa. Alikuwa mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na kila siku alikuja kutoka Kabuga, nje ya mji, akipanda gari la wafanyabiashara wa sokoni, katikati ya magunia ya viazi. Aliniita kaka nami nikamwita dada, ingawa huenda alikuwa amenizidi miaka kumi.

Nilikaa, nikaandika hatua ya kwanza kwa Kinyarwanda. Sentensi ilitambaa vizuri kwenye kioo kama mstari wa siafu. Nilipoandika Kifaransa pembeni, nusu ya Kinyarwanda ikapotea. Nilipoandika Kiingereza, Kifaransa kikakatika. Nilimwita dada nikamwambia mashine inakula maneno.

Aliinama akasogeza kile kialama cha kuonyesha mahali pa kuandika hadi kwenye kisanduku cha Kinyarwanda, na sentensi nzima ikatokea juu kabisa ya kioo. “Haijakula kitu,” alisema. “Imeficha.”

Akanieleza. Katika programu ile kila mstari ulikuwa na kimo kimoja, kimo cha herufi, na haukubali kurefuka kwenda chini. Kwa tarakimu hilo si tatizo, tarakimu hazihitaji ghorofa. Lakini sentensi ndefu ikiandikwa ndani ya kisanduku, hutambaa kwenda kulia, na ikikuta jirani ana maneno yake, husimama mlangoni. Maneno yote yamo ndani, lakini karatasini yanachapwa yale yaliyopata nafasi tu.

Tulianza kuhangaika. Tulipanua safu, mashine ya kuchapa ikashindwa, karatasi yake ilikuwa nyembamba. Tulipunguza herufi, zikawa ndogo hata mtu mwenye macho mazima hakuzisoma akiwa kando ya kitanda. Nilikwenda kwa daktari kumwomba afupishe sentensi. Alichukua karatasi yake, akaisoma yote polepole, akanirudishia. “Neno lipi niondoe?” aliniuliza. Niliisoma tena nikiwa nimesimama mbele yake, sikuona neno la kuondoa.

Dada alikumbuka kwamba programu ina amri ya kuikata sentensi na kuishusha yenyewe kwenye mistari ya chini. Tuliijaribu tukafurahi, maana maneno yote yalionekana. Tulichapa, nami nikaanza kukusanya karatasi nizipeleke wodini. Dada alinishika mkono. Alilaza rula juu ya karatasi, akaisogeza chini hatua kwa hatua, akisoma kushoto kwenda kulia. Kifaransa kilikuwa kirefu kuliko Kiingereza, kwa hiyo kilikuwa kimejisukuma chini. Kufika katikati ya ukurasa, hatua ya tatu ya Kifaransa ilikuwa inatazamana na hatua ya nne ya Kiingereza. Upande mmoja wa rula paliandikwa kwamba mtoto asipewe bado chakula kizito, na upande wa pili kwamba sasa apewe. Wauguzi wawili wangeweka kidole mahali pamoja na kufanya mambo mawili.

Nilikaa kitako. Yeye alizikunja zile karatasi akaziweka mbali, kisha jenereta likazimwa.

Kesho yake alifika akiwa na karatasi ya mraba-mraba ya watoto wa shule, imejaa penseli. Alikuwa ameichora garini, akiwa juu ya magunia, na mistari mingine ilikuwa imekwenda mrama kwa mashimo ya barabara. Aliitandaza mezani.

“Kaka, mstari haiwezi kurefuka,” alisema. “Tuache kuiomba. Tuipatie wenzake.”

Mpango wake ulikuwa huu. Kwa kila hatua tutafute lugha iliyo ndefu kuliko zote. Kama inahitaji mistari mitano, basi hatua ile ipewe mistari mitano katika lugha zote nne, na lugha fupi ziache tupu mistari zisiyoihitaji. Sentensi tuzikate wenyewe kwa mkono, kila kipande kwenye mstari wake. Na ule ukingo wa kutenga hatua na hatua tuuchore chini ya mstari wa mwisho tu, kwa vistari vilivyoungana. Msomaji hataona mistari mitano. Ataona chumba kimoja kirefu, kile ambacho mashine ilikuwa imetunyima.

Lilikuwa jambo jepesi mtu akishalisikia. Nimekutana na watu wengi wenye akili tangu siku zile, na bado napenda zaidi akili ya namna ile, isiyogombana na kitu. Hata programu za leo, ambazo mstari wake unarefuka, nazo zina kikomo chao, na maneno yakizidi hapo yanafichwa vilevile. Vijana ofisini huja kuniuliza. Huwaambia wagawanye maneno kwenye mistari miwili na wafute ukingo wa katikati, na hushangaa kwamba ndiyo hiyo tu.

Lakini dada hakuishia hapo, na ndiyo sababu namkumbuka. Alikuwa na sheria juu ya mahali pa kukata. Mimi nilikuwa nakata popote nafasi ilipokwisha. Yeye alisoma kila kipande kama mtu anayekagua mchele. Katika Kifaransa alikataa maneno mawili ya kukanusha yatenganishwe, moja juu na jingine chini. Katika Kiswahili alikuta nimeandika “usi” mwishoni mwa mstari na “mlazimishe” mwanzoni mwa unaofuata. Aliniambia kwamba muuguzi aliyechoka ataona kipande kimoja, na kitakuwa kile cha chini. Tukalishusha neno zima. Kwa kila hatua akaongeza pia mstari mmoja mtupu mwishoni. Nilimwambia tunapoteza karatasi, na karatasi zenyewe tulikuwa tunaomba kwa watu.

“Daktari atabadilisha neno,” alisema. “Madaktari wanabadilishaga.”

Tulipomaliza kuchapa hakukubali bado karatasi zibandikwe. Aliomba wauguzi wanne waje, kila mmoja kwa lugha yake, wakasimama katika ukumbi wa wodi wakishika karatasi pamoja. Aliwaomba wasome hatua kwa hatua, wa Kinyarwanda kwanza, na wengine wafuatie, na hakuna kwenda mbele mpaka wote wanne wamekubaliana kwamba wamesoma jambo moja. Muuguzi wa Kinyarwanda alikuwa mama mtu mzima, mmoja wa wale waliobaki mjini. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya salamu. Alisoma kwa sauti ya chini, na sauti ikapanda kidogo kidogo. Hatua ya kumtia mtoto joto, ambayo ilisema mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, aliisoma, akaisoma tena. Kisha aliwageukia wengine akawaeleza, kwa Kinyarwanda, namna mama yake alivyokuwa akifunga kanga ili mtoto asiteleze. Akavua mtandio wake akawaonyesha. Yule wa Uganda alimwomba arudie fundo. Tukasimama pale wote tukijifunza fundo, daktari naye akiwa ametoka ofisini kutazama, na kwa muda fulani hakuna aliyeshika karatasi.

Seremala mmoja wa Kimisagara, jirani yetu, alitutengenezea ubao. Tuliunganisha kurasa kwa gundi ya unga wa muhogo, tukafunika kwa nailoni, tukaupigilia ukutani kati ya madirisha mawili. Hazikupita wiki nyingi daktari akaja na karatasi yake. Alitaka kuongeza maneno machache kwenye hatua ya kumfunika mtoto. Nilimtazama dada. Dada hakunitazama. Alikaa mbele ya mashine, akaandika yale maneno kwenye mstari mtupu katika lugha zote nne, na hakuna hatua iliyosogea hata unywele. Tulichapa ukurasa mmoja tu tukaubandika juu ya ule wa zamani. Daktari alimuuliza alijuaje kwamba mabadiliko yatakuja. Alijibu kwa heshima tu kwamba huko kwenye kahawa nako mabosi walikuwa hivyo.

Nilikuwa napita wodini nikielekea kula, na mara nyingi niliwakuta wauguzi wawili mbele ya ubao, mmoja wa Bujumbura na mmoja wa Uganda, ambao mwanzo walikuwa wakielewana kwa ishara. Mmoja huweka kidole, mwingine huitikia kwa kichwa, kisha wote wawili wanakwenda kitandani. Sidai kwamba ubao ndio uliowaponya watoto. Wengi walipona, wengine hapana. Lakini nilijua kwamba katika wodi ile hakuna aliyekuwa akibahatisha, na mimi, ambaye kwa miezi mingi sikuwa na hakika na jambo lolote, nilikwenda kula nikiwa na njaa ya kweli.

Baadaye dada aliomba kuhamia kituo cha afya karibu na kwake, Kabuga, kwa sababu zile safari za magunia zilikuwa zimemchosha mgongo. Nililisikia pengo lake kuliko nilivyomwambia. Jumamosi moja nilipanda gari kwenda kumsalimia. Nilimkuta amefanya jedwali jingine, la akina mama wajawazito, na safari hii alikuwa ameongeza safu ya tano isiyo na maneno. Aliniambia kwamba wengi wanaokuja pale hawasomi lugha yoyote, kwa hiyo alihesabu kimo cha picha, akaiachia mistari mitupu ya kutosha katika kila hatua, akachapa, halafu mwalimu mmoja wa jirani akachora kwa kalamu ndani ya nafasi zile.

Tulikuwa tukizungumza hivyo alipoingia msichana mjamzito na mama mkwe wake. Hawakutuuliza kitu. Walisimama mbele ya ukuta, na yule mama mkwe akaanza kushuka na kidole picha kwa picha, akimsemesha mkwewe taratibu, mpaka alipofika kwenye picha moja akasita. Dada aliniomba radhi, akaondoka kitini, akaenda kusimama nao.