Siku Kihisi cha Tatu Kilipotoroka Kiwandani

Vuuuuuum! Feni ya tanuri, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikivuma kwa upole kama nyuki walioshiba, ilipandisha sauti ghafla, ikapandisha tena, na vikombe vya chai vilivyopangwa mezani kwa ajili ya wageni vikaanza kugongana. Watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mimi peke yangu nilijua kwamba saa ile feni ilipaswa kupunguza kasi, wala si kuongeza, na nilitabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari kanisani.

Naona haya kuusimulia mkasa huu. Hata leo nikifika Bwera hupita nyuma ya maduka. Lakini kwa kuwa tayari unasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja anautia chumvi yake (nimesikia hadithi moja ambamo nilifukuzwa na helikopta), ni afadhali muusikie kwangu, kwa mpangilio wake.

Mimi naitwa Mbambu, mwenyeji wa Kasese mjini, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhandisi. Utafiti wangu unahusu kusimamia mitambo kwa mawimbi ya redio badala ya waya. Chama cha wanawake wakulima wa kahawa, wengi wao wakitoka Mahango, kilinikubalia niujaribu ujuzi huo katika kiwanda chao kidogo kilichoko kilimani, juu kidogo ya Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo. Wana sanduku kubwa la chuma lenye sakafu ya matundu. Kahawa iliyooshwa humwagwa humo, na tanuri husukuma hewa ya moto kutoka chini. Zamani mtu alisimama pale kutwa nzima akiongeza na kupunguza moto. Mimi nilichomeka ndani ya kahawa vihisi vitatu, vifaa vya kupima joto, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba na chenye kitaa chekundu kinachomwekamweka kila kinapotuma habari zake hewani. Kompyuta ikipokea habari, inaamuru tanuri na feni. Hakuna waya, hakuna mtu.

Sasa sikilizeni ufundi wangu. Nilijiuliza: je, vihisi vikitofautiana, mashine imwamini nani? Nikaandika kanuni kwamba iamini kile kinachosema baridi kuliko vyote, ili isibaki hata punje moja mbichi ya kuota ukungu. (Msimamizi wangu aliniuliza kama sijaliwaza jambo hili kupita kiasi. Nilimjibu kwa kurasa sita.) Tena niliandika kwamba kihisi chochote kikinyamaza kabisa, mashine ijizime yenyewe kwa usalama, halafu, nisije nikaaibika kwa kukatika mawasiliano, nikaweka juu ya paa antena ndefu na kujisifu kwamba itakisikia kihisi hata kikivushwa mpaka Kongo.

Siku hiyo ndani ya sanduku ilikuwamo kahawa nzuri kuliko yote ya msimu, iliyoshushwa kutoka Mahango migongoni mwa akina mama, na mgeni wetu rasmi alikuwa mzee mmoja mnunuzi kutoka Kampala. Alikuja kutazama kwa macho yake ndipo aamue kama atakuwa akinunua kwao moja kwa moja, bila madalali. Kahawa ile ikiungua, mazungumzo yangeishia hapo. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko jina langu.

Basi, asubuhi ile niliona kihisi cha tatu kimechafuka, kimeshikwa na utando wa kahawa, nikaona si adabu mgeni akikute hivyo. Uamuzi ulioleta mkasa wote ndio huo: nikichomoe, nikipanguse kwa leso, nikirudishe. Nilikuwa bado napangusa nilipoitwa, "Mbambu! Mgeni amefika!" Mnajua kwetu binti hamsalimu mzee kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika takataka. Nikapiga magoti, nikatoa mikono yote miwili, nikamwamkia kwa Lhukonzo, lugha yetu, "Wasibire, mzee," akaniitikia vizuri sana, tukaendelea na hotuba. Na katika hotuba yangu nilitamka, kwa sauti ya juu, kwamba kuanzia siku ile hakuna mkono wa mtu utakaoigusa mashine. Akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo feni ikalia.

Nilichungulia kompyuta. Kihisi cha kwanza: arobaini na sita. Cha pili: arobaini na saba. Kahawa yetu haipaswi kuvuka arobaini. Cha tatu: thelathini na nne, na mashine, kwa utiifu nilioufundisha mwenyewe, ilikuwa ikiongeza moto ili kumpendeza yule mwenye baridi. Nikakimbilia sandukuni. Mahali pa kihisi cha tatu palikuwa na tundu tupu, nami nilikuwa na hakika kwamba nilishakirudisha.

Palikuwa na kitufe chekundu cha kuzima kila kitu. Kilikuwa hatua chache tu kutoka niliposimama, lakini ukikibonyeza kinalia king'ora, na mgeni rasmi alikuwa amesimama kando yake akinywa chai. Nikawaza: joto hupanda polepole, nikikipata kihisi upesi, nikikirudisha, hakuna atakayejua. Nikachukua kipokezi changu cha mkononi, kijiredio chenye antena fupi, kioo kidogo cha kuonyesha joto na mistari mitano ya kuonyesha kama kihisi kiko mbali au karibu. Mistari yote mitano iliwaka! Na wakati huohuo, mbele ya macho yangu, pikapu iliyosheheni magunia ya kahawa ikatoka getini kwenda soko la mpakani.

Niliona kila kitu kwa uwazi wa kutisha. Mpakiaji amechota kihisi pamoja na kahawa, kimeingia guniani, kinakwenda zake.

"Mama Masika," nilimnong'oneza mwenyekiti wa chama, mwanamke mrefu asiyependa mafumbo, "nafika hapo chini mara moja."

"Saa hii? Na mashine inalia hivi?"

"Inafanya kazi yake, mama."

Mungu anisamehe.

Nilirukia bodaboda ya kijana aitwaye Bwambale. "Fuata pikapu ile!" nilimwambia, na nakiri kwamba mbali na hofu kulikuwa na raha fulani katika kusema maneno hayo.

"Madam, shika vizuri, hii njia iko na mashimo!"

Tuliteremka kilima kwa kasi ambayo mama yangu hapaswi kuisikia. Mkono mmoja nimeshika bega lake, mkono wa pili nimenyoosha kipokezi mbele kama mtu anayefukuza nyoka kwa fimbo, na mistari mitano haikupungua hata mmoja! Nilifurahi. Pikapu ikituacha kwenye kona, mistari mitano. Ng'ombe wakitukatia njia, mistari mitano. Mtu mwingine angejiuliza kidogo hapo. Mimi nilivutiwa na antena yangu.

Pikapu tuliikuta imesimama penye kuingia sokoni. Dereva akanitazama kichwani, kisha usoni, akajikaza asicheke.

"Sista, hizo gunia zimefungwa tangu jana. Unafungua kutafuta nini?"

"Kifaa cha serikali," nilisema. (Hakikuwa cha serikali.) Nikafungua la kwanza, nikazamisha mkono mpaka begani. La pili. Kahawa tupu, na mistari mitano ileile. "Ulimbeba mtu yeyote?"

"Mama mmoja tu wa Butembo, kule Kongo, anauza vitenge. Ameshuka na furushi yake, ule pale."

Furushi! Nilimkimbilia. Alikuwa mama mnene mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni, ndiyo kwanza anatandaza vitenge vyake juu ya turubai, na nilipoelekeza kipokezi kwenye mali yake kikawaka chote.

"Mama, samahani, naomba kutazama ndani ya furushi lako."

"Mu furushi yangu? Juu ya nini?"

"Kuna kitu chetu humo. Hiki chombo hakidanganyi."

"Ee, mutoto!" Alisimama, mikono kiunoni, na nusu ya soko ikasimama naye. "Unaniita mwizi mbele ya batu? Mi niko na bitenge tu! Mbele ya Mungu, bitenge!"

"Sikusema mwizi, mama, nasema tu kisayansi..."

"Sema tena hiyo neno!"

Watu walijaa. Walinionyeshea vidole, wakanong'onezana, watoto wakacheka wakijishika vichwa, nami nikajipa moyo kwamba hawajawahi kuona mhandisi mwanamke. Nilikuwa nimeshaanza kukung'uta kitenge cha tatu (chenye tausi, nakikumbuka) nilipoona watu wakirudi nyuma wote kwa pamoja, kama maji yanayopishana na jiwe. Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Wewe! Simama hapo! Mikono juu!"

Alikuwa askari. Ninyi mnaoishi mbali na mpaka mtacheka, lakini kwetu askari akikwambia simama, unasimama hata kama ulikuwa umekaa. Mikono yangu ikaenda juu pamoja na kipokezi na tausi.

"Hiyo kitu inawaka kwa kichwa ni nini?"

"Kitu gani, afande?"

"Usinijibu swali na swali! Hiyo nyekundu! Nyuma ya kilemba!"

Mama wa vitenge alizunguka polepole nyuma yangu, akainama, akatazama kwa makini.

"Mungu wangu," alisema. "Mutoto, hii chombo unatafuta, iko na taa ya nyekundu? Yenye kufanya hivi, hivi, hivi?" Akafumba na kufumbua kiganja.

"Ndiyo, mama."

"Njo hii, uko nayo mu kichwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka mgeni, magoti, na mikono miwili. Nilikuwa nimekichomeka kihisi nyuma ya kilemba, kama shangazi zangu wanavyochomeka kalamu, ili mikono iwe huru kwa adabu. Kisha nikatoa hotuba nzima kikinimwekamweka kisogoni.

"Toa hiyo kilemba," afande aliamuru. "Polepole."

Lazima niwaambie kwamba kilemba kile hakikuwa pambo. Msusi wangu wa Kasese alikuwa ameitwa msibani nikiwa kitini, hivyo upande wa kulia nilikuwa nimesukwa vizuri, na upande wa kushoto nywele zilisimama kama zimeona fisi. Nilikifungua mbele ya Bwera na mbele ya Kongo. Kihisi kikaanguka kiganjani mwangu, kikamwekamweka. Kicheko kilichofuata sina kipimo chake. Bwambale alilalia tangi la bodaboda.

"Ni kipima joto cha kahawa, afande."

"Kahawa iko wapi?"

"Kiwandani."

"Na hii inapima nini huku?"

Nikafungua kinywa, na ndipo nilipoelewa. Tangu nilipopiga magoti, mashine nzima ilikuwa ikisikiliza kichwa changu. Kichwa changu ndicho kilichosema ni baridi, ongezeni moto. Na ile antena niliyojisifia ilikisikia vizuri kabisa mpaka ukingoni mwa Kongo.

Njia ya kuficha bado ilikuwepo. Kidole gumba changu kilikuwa tayari juu ya kifuniko cha betri: nikiitoa, kihisi kitanyamaza, mashine itajizima, nami nitarudi na maelezo marefu juu ya hali ya hewa. Niliitoa. Lakini sanduku la chuma lililopata moto halipoi kwa kuamriwa. Kahawa ingeendelea kuiva mle ndani isipokuwa itolewe saa ileile, kwa makoleo, kwa mikono ya watu, na watu hao nilikuwa nimewakataza kugusa. Niliapa palepale, nusu nimesukwa, kwamba sitajenga tena mashine ambayo mtu anaona haya kuizima, na kwamba siku nyingine nikiona jambo linaharibika nitasema kwanza, nitawaza baadaye.

"Nyabo, unangoja nini?" aliuliza afande, sasa kwa upole. Mama wa vitenge alininyang'anya tausi wake. "Piga simu, mutoto. Hiyo haya itapita. Kahawa haitarudia."

Nikapiga.

"Mbambu!" Mama Masika alikuwa akipiga kelele. "Uko wapi? Mashine imezima yenyewe, hapa kuna harufu! Nimekuweka kwa sauti kubwa, mzee naye anasikiliza!"

"Mama, toeni kahawa yote sasa hivi! Chukueni makoleo, imwageni kwenye turubai kivulini, itandazeni nyembamba!"

"Si ulisema mkono wa mtu usiguse?"

"Nilikosea. Guseni! Wote!"

Nikasikia amri kwa Lhukonzo, miguu ikikimbia, makoleo yakikwangua chuma, kahawa ikimwagika kama mvua ya mawe.

"Ya juu ni nzuri!" alisema Mama Masika hatimaye, akihema. "Ya chini kidogo ndiyo imeharibika. Kidogo tu. Mbambu, kile kidude cha tatu kiko wapi?"

Soko lote lilinitegea sikio.

"Ninacho mimi, mama. Kilikuwa kichwani mwangu, kwenye kilemba. Mashine ilikuwa ikipima kichwa changu."

Kisha nikasikia mtu akikohoa, akicheka katikati ya kikohozi, na sauti ya mzee wa Kampala ikaja karibu na simu.

"Muulize," alisema, "hicho kichwa kina nyuzi ngapi?"

Nami nikatazama kipokezi, ambacho kilikuwa bado kimehifadhi kipimo cha mwisho, nikajibu kwa usahihi wote niliofundishwa:

"Thelathini na sita nukta nne, mzee."