Mashine Yangu na Mlango wa Kanisa

Sijawahi kuwapenda watu wanaouliza swali ambalo jibu lake liko ukurasa wa kwanza. Kwa hivyo, kwenye lile jukwaa la mtandaoni la watu wanaojiundia mashine za kuchonga mbao, nilikuwa na sifa mbaya, na nilikuwa nikiifurahia. Mtu anaandika kutoka mwisho wa dunia kwamba mashine yake haisongi, nami namuuliza kama ameiwasha. Mwingine analia eti programu ni mbovu. Namwambia programu hiyo ni ya bure, imeandikwa na watu wenye akili waliojitolea, kila mstari wake uko wazi na umekaguliwa na watu wengi, kwa hivyo kitu kibovu kilichobaki hapo ni yeye. Niliandika hayo yote nikiwa Dundori, ndani ya ghala kuukuu la viazi nililoligeuza karakana, miguuni nina gambuti zenye mavi ya ng'ombe, na nilijiona bingwa.

Mashine niliiunda kwa mikono yangu. Meza ya chuma, reli, mota tatu, na kompyuta iliyotupwa na shule fulani mjini Nakuru. Nyuma ya kila mota kulikuwa na enkoda, kijidude kidogo kinachohesabu jinsi mota inavyozunguka na kuiambia kompyuta kisu kimefika wapi. Kompyuta haina macho mengine. Enkoda ikidanganya, kompyuta inasahihisha kosa ambalo halipo, na kisu kinaenda kando. Hilo ndilo jambo lote la kiufundi unalohitaji kujua hapa, na nimekutana na watu wenye digrii ambao liliwashinda.

Kulikuwa pia na waya wa ardhi, ule wa kuzamisha umeme wa ovyo udongoni. Huo niliufunga kwenye chuma kilichopigiliwa nyuma ya zizi, chuma cha fensi ya stima inayozuia ng'ombe wetu. Kila mtu huku juu anajua kwamba hakuna mahali pazuri pa kuzamishia umeme kama pale ng'ombe wanapokojoa, kwa sababu udongo haukauki hata kiangazi. Chuma kilikuwepo tayari. Ni mjinga gani angechimba kingine?

Baba yangu alikuwa seremala, na dharau yangu mimi ni ya mtoto mchanga ukiilinganisha na yake. Alidharau misumari. Alidharau vanishi, mbao laini, na kila fundi wa Nakuru anayeuza vitanda kando ya barabara. Mteja akimwonyesha picha ya kabati kwenye simu, baba aliitazama kidogo, akamrudishia simu yake, akaenda kunywa chai. Watu walirudi tu, kwa sababu droo zake zilifunga bila sauti.

Kanisa letu lilipoamua kuacha mabati na kujenga kwa mawe, wazee wa kanisa walimwomba baba atengeneze mlango wa mbele, wa mbao mbili zinazofunguka katikati. Baba alikuwa na mtarakwa aliouhifadhi darini tangu nikiwa shule ya msingi. Mti huo siku hizi ukipatikana nao bila kibali unaanza kueleza mambo kituo cha polisi. Ulitosha kutoa mbao mbili pana za mlango, na hapo umekwisha. Wazee walitaka mizabibu. Baba aliwauliza nani kati yao amewahi kuona mzabibu. Akachonga ubao wa kushoto kwa maua na majani ya viazi, yakipanda kutoka chini hadi juu, hakuna jani lililofanana na jingine, na mtu wa Dundori akisimama mbele yake anajua hata ni aina gani ya viazi.

Halafu kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Ubao wa kulia ulikuwa haujaguswa.

Alikaa kwenye kiti cha mbao uani, akitazama upande wa kanisa, na maneno machache aliyoweza kuyatoa aliyatumia kwa jambo hilo moja. Alitaka kuona mbao zote mbili za mlango zimesimama. Hakutaka kitu kingine. Dawa alikuwa akizitema, lakini habari za mlango alikuwa akiuliza kila siku.

Nikamwambia mashine yangu ingeweza. Ningeupiga picha ubao wake, niugeuze kwenye kompyuta, na kisu kingechonga jani kwa jani.

"Hiyo ya kukata mandazi?" akasema.

Alinidharau hivyo wiki nzima. Mwishowe akachoka, au akaogopa, sijui. Akasema, "Jaribu. Lakini ubao ni huo mmoja."

Nikaanza majaribio kwa mbao za kutupwa. Mashine ilianza vizuri, jani la kwanza, la pili, halafu ikasimama na kuandika kwenye skrini kwamba kisu hakipo mahali kinapopaswa kuwa. Nikaianzisha upya. Ikasimama tena. Hata mota zikiwa zimetulia tuli, namba za mahali kilipo kisu zilikuwa zikirukaruka, moja juu, mbili chini, kama kiroboto.

Mke wangu ndiye mwenye ng'ombe kwetu, na zizi linapakana ukuta na karakana yangu. Siku ile ya kwanza aliingia na ndoo ya maziwa mkononi kuniita chai. Akasimama nyuma yangu akitazama skrini. Ukutani, upande wa pili, kile kisanduku kinachorusha stima kwenye fensi kilikuwa kikilia kama kawaida yake: tik, kinatulia, tik.

"Baba watoto," akasema, "hizo namba zinaruka na fensi. Hebu sikiza."

Nilicheka. Nilimwambia fensi ni ya ng'ombe na hii ni sayansi. Nikamuuliza kama maziwa nayo yanaganda kwa sababu ya fensi. Fundi wa kompyuta niliyekuwa nimemwita kutoka mjini alikuwa pale, akacheka pia, mjinga yule, ambaye dakika tano kabla alikuwa amepima mashine yangu kwa macho na kutangaza kwamba ina virusi. Virusi! Mke wangu akabeba ndoo yake akaenda.

Baada ya hapo nilibadilisha kila kitu kinachobadilishika. Nilisoma maelfu ya mistari ya ile programu. Nilibadilisha enkoda mbili. Niliagiza nyaya nyingine. Mwishowe, kwa uchungu mkubwa, nikaandika swali kule jukwaani, mimi niliyewacheka wote. Wakafurahi sana, nyinyi mnajua watu walivyo. Mmoja aliniuliza kama nimeiwasha. Nilistahili. Lakini mmoja, mtu mpole ambaye niliwahi kumwita kichwa maji, aliandika bila kejeli yoyote: angalia waya wako wa ardhi umefungwa wapi, na kama kuna kitu kingine kinautumia. Nikamjibu kwamba kila asiyejua kitu husema angalia waya wa ardhi, na kwamba wangu uko kwenye udongo mzuri kuliko nyumba yake nzima. Nilisifiwa kwa jibu hilo na watu wawili.

Katika programu kuna mahali pa kupanga kosa la ukubwa gani livumiliwe kabla mashine haijasimama. Nikalipanua. Ni kama mtu aliyechoshwa na mbwa anayebweka akamfunga mdomo badala ya kwenda kuangalia nje, lakini wakati ule niliita jambo hilo marekebisho. Kesho yake asubuhi nikajaribu tena. Mashine ikachonga ubao mzima wa majaribio, saa nne mfululizo, majani yote, maua yote, hakuna kusimama, hakuna kuruka. Nililia, sikufichi. Nikambebea baba ule ubao uani. Akaupapasa kwa mkono wa kushoto, polepole, akarudi kwenye ua moja mara tatu.

"Weka mtarakwa," akasema.

Nikaenda jukwaani nikawaandikia hotuba. Niliwaeleza tatizo lilikuwa nini, nililitatua vipi, na kwa nini wao wasingeliweza.

Jambo ambalo sikujisumbua kulijua ni kwamba asubuhi ile yote fensi ilikuwa imezimwa. Nyasi zilikuwa zimeota zikagusa waya, na mke wangu alishinda huko chini akizifyeka. Nilimwona nikipita na ubao wangu. Niliona panga mkononi mwake, niliona ameshika waya kwa mkono mtupu ili afyeke chini yake. Nani hushika waya wa fensi kwa mkono mtupu kama haijazimwa? Macho niliyokuwa nayo yalikuwa ya kutazama skrini tu.

Siku iliyofuata tukaulaza mtarakwa kwenye meza, mimi na mke wangu, kwa sababu ulikuwa mzito. Harufu yake ilijaa ghala lote. Niliufunga kwa vibano, nikapima mara tatu. Mke wangu alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kanga.

"Nizime fensi kwanza?" akauliza. "Ng'ombe nitawafunga kamba."

Wacha niseme ukweli, kwa kuwa hakuna anayenilazimisha. Wazo lilinipitia. Lilinipitia kichwani wazi kabisa kwamba kuzima fensi hakungenigharimu chochote, na kwamba jana namba zilitulia na sikujua hasa kwa nini. Lakini kama angezima na kazi ikaenda vizuri, angesema ni fensi. Nilimwona tayari akisema. Nikamwambia, "Wewe nenda ukakamue."

Akaenda.

Kisu kilianza chini. Jani, jani, ua. Kilikwenda vizuri hata nikatoka kwenda kumwambia baba, nikakaa naye kidogo, tukisikia ile sauti ya kisu kutoka karakana. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Baba yangu, kuridhika! Niliporudi karakana, kisu kilikuwa bado kinafanya kazi kwa utulivu, hakijasimama, hakijalalamika, kwa sababu nilikuwa nimekikataza kulalamika. Lakini kila tik ya fensi ilikuwa imeingia kwa waya wa ardhi hadi kwenye enkoda, na enkoda ilikuwa imehesabu hatua ambazo hazikupigwa. Kidogo, kidogo. Mashina yalikuwa yamehama kutoka kwa majani yake kwa upana wa kidole. Nikiwa nimesimama hapo nikishangaa, kisu kikazama pale ambapo kompyuta iliamini hakuna mbao, kikapasua mtaro katikati ya ubao, kutoka ukingo hadi ukingo, wenye kina cha kuingia kidole gumba. Nilipogonga kitufe cha kuzima, kazi ilikuwa imekwisha.

Mashine ikatulia. Kwenye skrini, namba ziliendelea kuruka. Nilizitazama na kusikiliza, mara hii nilisikiliza. Tik, zikaruka. Tik, zikaruka.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya zizi nikakitazama kile chuma, nyaya mbili zimefungwa juu yake, wa fensi na wangu, nimezikaza kwa koleo moja. Nilitukana. Nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua, na kila tusi lilikuwa lile ambalo nilishawahi kumpa mtu mwingine.

Baba alikuwa amesikia kisu kikinyamaza. Nilimbeba akiwa kwenye kiti chake hadi karakana kwa sababu alikataa kuambiwa kwa mdomo. Aliupapasa ubao kuanzia chini. Alipofika penye mtaro mkono wake uliingia ndani, akauacha humo.

Nikaanza kumweleza mambo ya enkoda. Akanikatiza.

"Mwite mama watoto."

Mke wangu akaja, akasimama kando ya kiti. Baba hakuwahi maishani mwake kumuuliza mtu kosa liko wapi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watu. Sasa akamwinulia uso, mdomo ukiwa upande, na kumuuliza, kwa heshima, kama mtu anayemuuliza daktari.

"Ni nini ilifanyika, mama?"

"Ni stima ya fensi, baba. Inaingia kwa mashine. Ukiangalia hapa, hizi namba, zinaruka nayo."

Baba akatazama. Akasikiliza tik mbili, tatu. Hakuwahi kugusa kompyuta, na alielewa upesi kuliko ilivyonichukua mimi kuandika sentensi hii.

"Na ulimwambia?"

Mke wangu akanitazama kwanza. Naamini kama ningemkonyeza angenifichia siri, na hilo ndilo linaloniuma hata zaidi. Nikainamisha kichwa.

"Nilimwambia, baba. Siku ya kwanza."

Baba akautoa mkono wake kwenye mtaro. Nilingoja matusi. Nilikuwa ninayataka. Alifuta unga wa mbao vidoleni kwa suruali yake, halafu akasema, si kwangu, wala si kwa mke wangu:

"Basi mlango ungekuwa umekwisha."

Akaomba arudishwe uani. Habari za mlango hakuuliza tena, siku hiyo wala nyingine yoyote, na dawa aliendelea kuzitema. Kanisa lilifunguliwa yeye akiwa ameshazikwa. Upande wa kushoto kuna maua yake ya viazi. Upande wa kulia kuna plywood iliyopakwa rangi ya kahawia, na ni mimi niliyeipigilia kwa misumari.