Yai Moja Katika Oti

Oti, ile nafaka ya Wazungu ya kupikia uji, zikichanganywa na ndizi mbivu, samli na asali, kisha zikapaliwa makaa juu na chini, hutoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya samli, nayo huja mapema. Ya pili huja baadaye, wakati asali ya pembeni inapoanza kushika bati na kubadilika rangi. Hiyo ni nzito zaidi, ina uchungu kwa mbali, na mpishi akiisikia anajua kwamba amebakiwa na muda mdogo tu kabla kazi yote haijaharibika. Mimi hupika vipande hivi mara chache kwa mwaka, mvua zikianza, na kila nikifikia harufu ile ya pili huacha shughuli nyingine nikasimama palepale. Jirani zangu hudhani naogopa kuunguza. Ni kweli naogopa kuunguza, lakini si hilo peke yake.

Aliyenifundisha ni dada yangu, Akoth. Kwetu ni Kiyeyi, upande wa Tororo. Kabla ya kuolewa, dada alikuwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja pale Tororo mjini, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili. Mke wa yule Mzungu, mwanamke mkimya aliyeugua mara kwa mara, alimfundisha kupika vitu viwili vitatu vya kwao, na dada akapenda hiki cha oti kuliko vyote. Yule mama alitia zabibu kavu na matunda ya kopo. Dada aliona kwamba ndizi ndogo tamu zikianikwa juu ya paa la bati mpaka zikawa kama ngozi zinaweza kukatwakatwa zikafanya kazi ileile, na hakuna aliyewahi kuzidai zabibu. Siku alipoaga kwenda kuolewa alipewa mkebe mzima wa oti uwe zawadi. Aliupakata njia nzima kutoka Tororo mpaka Busia juu ya lori la pamba, na utingo alipotaka kumpokea auweke chini pamoja na mizigo mingine, alimkatalia kama vile anaombwa mtoto.

Mume wake, Wandera, alikuwa Msamia na karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Siku za kazi alilala huko, akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Kwa desturi zetu bibi arusi hafiki peke yake kwa watu asiowajua; huenda na msichana mdogo wa kwao amsaidie kazi na kumwondolea upweke. Nikachaguliwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Shangazi zetu walikuwa wametufunza namna ya kumwogopa mama mkwe: tusiketi karibu naye, tusimtazame usoni, tusiteme mate mbele yake. Tukafika tukiwa na woga wetu tayari, tukakuta hauna kazi.

Mama Taaka, mama yake Wandera, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye meno machache ya mbele na kicheko kilichoanzia puani. Kisamia hatukukijua, na yeye Kidhopadhola chetu hakukijua, kwa hiyo tulisema naye Kiswahili, Kiswahili cha sokoni kisichojali sana mapambo. Siku ya pili tu alimwambia dada, "Mwanangu, wewe nakaa mbali hivyo, mimi nauma watu?" Akamvuta kwenye mkeka wake. Alimfundisha kukausha samaki kwa moshi bila kuwavunja, na jioni alimtoa dada miiba ya kuni mikononi kwa sindano, huku akimcheka kwamba mikono ya kulea watoto wa Wazungu imekuwa laini kama ya askofu. Alisali sana. Jumapili alitutangulia njiani kwenda kanisani, naye hakupenda kuchelewa.

Kuna jambo moja ambalo sisi wageni hatukulijua, na lazima nilieleze hapa ili msomaji alione mapema kuliko tulivyoliona sisi. Zamani, kwa Wasamia na kwetu pia, mwanamke hakula kuku wala yai. Ilisemwa kwamba mwanamke mla mayai hazai, au akizaa, watoto hawakai. Mama Taaka alizaa watoto wengi, wakafa wote wakiwa wadogo, akabaki na Wandera peke yake. Ukoo wa mume ukaanza kunong'ona, na aliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wengine alikuwa mke mwenzake, Nabwire, ambaye nyumba yake ilijaa watoto. Walisema Taaka anakula mayai kwa siri. Hakuwa na shahidi. Alichokuwa nacho ni neno lake tu. Kila alipotupiwa maneno hayo mbele za watu, alisimama, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Mdomo huu haujaonja yai tangu nizaliwe. Aliyeniona, aseme." Na kwa kuwa hakuna aliyemwona, hakuna aliyesema. Mume alikufa, uzee ukaja, wamisheni wakafika na kuwafundisha wanawake kwamba mayai ni chakula cha afya, naye aliendelea kutoyagusa. Si kwa sababu ya mila. Lile neno ndilo lililomruhusu kukaa miongoni mwa watu akiwa na uso wake.

Kwetu Kiyeyi mwiko huo ulikuwa umekwisha. Mama yetu alibatizwa, akala mayai, akatulisha mayai, na akatuzaa sisi sote. Ndipo dada akafikiri, kama ambavyo msichana yeyote wa nyumba yetu angefikiri, kwamba mwanamke anayetangulia kanisani kila Jumapili ameshaachana na mambo hayo. Hakuwaza hata kuuliza.

Siku aliyopika ilikuwa karibu na ile ya kupewa mafiga yake. Mpaka hapo alikuwa akipika kwenye jiko la mama mkwe. Sasa angewekewa mawe yake matatu na kuhesabiwa kuwa mwenye nyumba. Alitaka kumshukuru Mama Taaka kwa kitu kitokacho mkononi mwake mwenyewe, tena kitu laini, kwa ajili ya yale meno. Alifungua mkebe wa oti. Aliponda ndizi mbivu kwa mwiko, akatia samli tuliyonunua kwa wafugaji, akatia asali, vipande vya ndizi kavu na ufuta uliokaangwa, akavunja yai moja, akakoroga, akaushindilia mchanganyiko kwenye bati la kuokea. Mimi nilipewa kazi ya kuangalia makaa yaliyo juu ya mfuniko yasipoe, na mwiko wa kulamba kama mshahara.

Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo Wandera alikuwepo. Vipande vilipokatwa alichukua kimoja, akakinusa, akacheka.

"Mama, unajua unachokula? Fundi wa Kihindi pale kiwandani ameniambia kwao hii ni chakula cha farasi."

"Basi farasi wa Wazungu wanakaa vizuri kuliko watu wa Samia," akajibu Mama Taaka, mdomo umejaa. "Niletee ingine."

Alikula cha pili polepole, akikihamisha kutoka shavu moja kwenda jingine. Wandera akatoka kwenda kuwaona rafiki zake. Tukabaki watatu. Mama Taaka akasema anataka kujifunza, apeleke kwa wanawake wa kanisani, waone kwamba mke wa mwanawe si wa kuchezewa. Akachukua cha tatu na kukishika mkononi.

"Haya, sema. Wewe naweka nini ndani?"

Dada alitaja kila kitu kwa utaratibu kama alivyofundishwa, akihesabu kwa vidole: oti, ndizi, samli, asali, ufuta. "Halafu unavunja yai moja, mama."

"Yai ya nini?"

"Ya kuku. Ya kushikisha tu."

"Iko wapi?"

"Imo humo ndani. Haionekani."

Mama Taaka alikigeuza kile kipande mkononi, upande huu na upande ule, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayetafuta uzi katika nguo. Kisha akakirudisha kwenye sinia, taratibu, na kukiweka sawa na vingine. Hakukasirika. Ningemwelewa angekasirika. Alitoka nje, tukamsikia akisukutua maji, mara moja, mara ya pili, akaacha. Aliporudi dada alikuwa amepiga magoti, analia, kwa maana alikuwa ameshaelewa kiasi.

"Mama, nitafute dawa ya kutapika?"

"Imeshapita, mwanangu."

"Ilikuwa moja tu, mama. Moja kwa bati zima."

"Moja ni yai," akasema. Akaketi. Baada ya kitambo akamwinua dada kwa kiwiko. "Usimwambie mtu. Hata Wandera usimwambie. Na huyu mdogo," akanitazama, "huyu namjua, hana mdomo." Usiku ule ndipo alipomsimulia dada habari za watoto wake, na dada alinieleza mimi miaka mingi baadaye.

Mafiga yaliwekwa kama ilivyopangwa. Mama Taaka aliyachagua mawe mwenyewe, akayapanga, akamwita dada mwenye nyumba mbele ya majirani. Hakubadilika kwake. Lakini hakumwomba tena kumfundisha kitu chochote cha Kizungu, na zile oti zilizobaki kwenye mkebe zikaingia wadudu.

Baada ya mavuno ya wimbi kulikuwa na pombe katika boma la ukoo. Wazee walizunguka chungu na mirija yao, wanawake wazima wakawa na chungu chao pembeni, na dada alikuwa nyuma ya mama mkwe wake, amejitanda shuka kwa sababu mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Mimi nilikuwa karibu naye. Nabwire alikuwa amekunywa. Alianza kwa mzaha, akimpongeza Taaka kwa mjukuu ajaye, kisha akageuza.

"Huyu naye mtampeleka wapi? Au bibi yake atamla kama alivyowala wengine, na maganda ya mayai juu?"

Wanawake wakacheka kidogo, wakamgeukia Mama Taaka. Niliona kwamba walikuwa wanangoja kitu wanachokijua. Wengine walikuwa wameshaitoa mirija mdomoni.

Hakusimama. Mkono wake uliinuka kidogo kuelekea midomo, ukarudi mapajani.

Dada ndiye aliyeinuka. Alikuwa amefumbua kinywa kusema, nami najua alichotaka kusema, kwamba ni yeye, kwamba ni yai moja, kwamba mama hakujua. Mama Taaka bila kugeuka alishika pindo la shuka la dada, akalivuta kwa nguvu mpaka akakaa chini.

"Keti," akamwambia kwa sauti ndogo. "Una mtoto tumboni. Keti."

"Leo Taaka hana neno!" Nabwire akapiga makofi. "Jamani, mmeona? Leo hana neno!"

Kicheko cha mara hiyo kilikuwa kikubwa. Hata wazee wa upande wa pili waliuliza kuna nini, wakaambiwa. Mama Taaka aliinamia chungu, akavuta mrija wake, akanywa. Mimi, kwa akili ya miaka yangu, nilimwonea aibu. Niliona tu kwamba wazee wawili wameshindana maneno na wetu ameshindwa, na tulipokuwa tunarudi nyumbani nilitembea mbele ili nisiambatane naye.

Mtoto alizaliwa salama, naye leo ana wajukuu. Mama Taaka alimlea mgongoni mpaka akaweza kutembea. Lakini kutoka siku ile ya pombe maneno ya Nabwire yalikuwa ndiyo maneno ya ukoo mzima, na watu waliosikia kwa mara ya kwanza waliambiwa kwamba mwenyewe alipoulizwa alinyamaza. Yalisemwa hata kwenye matanga ya Mama Taaka, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanavyotaja kwamba marehemu alikuwa mrefu.

Mimi sikusoma sana shuleni. Mengi nimejifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kuandika matokeo. Kwa hiyo nimejaribu na hili pia. Nimepika vipande vile pamoja na yai na bila yai, kwa ndizi zilizoiva kidogo na zilizoiva sana, nikaviacha vipoe, nikavikata kwa kisu kimoja. Ndizi ikiiva vizuri inatosha. Vinashikana bila yai, tena havikauki haraka. Yule mama wa Tororo alitia yai kwa sababu matunda yake ya kopo hayana mnato, na dada alitia kwa sababu yule mama alitia.

Jambo nililochelewa kuelewa ni lile la pombeni. Waliojua tulikuwa watatu, na wawili kati yetu tungekufa kabla ya kumsaliti. Angeweza kusimama na kulisema neno lake kama siku zote, na angeshinda. Lakini lilikuwa limekuwa uongo, naye hakuwa mtu wa kuutamka. Angeweza pia kusema ukweli, kwamba alilishwa bila kujua, na ukoo ungemwamini mara moja, kisha ungemgeukia aliyemlisha: msichana wa kabila jingine, mla mayai, mwenye mimba ya kwanza. Na mimba za kwanza nyingi wakati ule hazikufika mwisho. Mama Taaka alijua vizuri kuliko mtu yeyote mahali pale jinsi mwanamke anavyoishi baada ya hapo.

Dada yangu aliishi Busia mpaka uzee wake. Alipougua mara ya mwisho nilikwenda kumwuguza, na mganga wa zahanati akaagiza apewe maziwa na mayai arudishe nguvu. Maziwa alikunywa. Mayai aliyakataa, ya kuchemsha, ya kukaanga, hata yaliyokorogwa ndani ya uji; aliuliza kila bakuli lina nini kabla ya kufungua kinywa. Watoto wake walikasirika. Walisema mama yao amesoma, amekaa na Wazungu, iweje mwisho wake anashika mambo ya kikale? Alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na hatukuwajibu.