Makande ya Wifi Tusajigwe

Mimi ni wifi yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Tusajigwe, mke wa kaka yangu Ipyana, alikwenda chuo kikuu Mbeya kusomea uhasibu. Sote tulishangilia, maana kazi ya mhasibu hata bibi kizee wa Ngana anaijua. Mwaka wa pili akatuambia ameongeza fani ndogo ya mazingira, na fani yenyewe haina idara moja: leo anasoma udongo na maji, kesho sheria, keshokutwa mila na historia za watu.

"Sasa hayo ni masomo gani?" nikamuuliza.

"Makande, wifi," akasema huku anacheka. "Mahindi peke yake yanachosha, na maharage vilevile. Ukichanganya ndiyo unashiba."

Nikamwambia sisi wa Kyela tunakula wali. Lakini nilimwelewa. Kabla hajajiunga na chuo, mto Mbaka ulifurika ukapita na majaruba yetu ya mpunga pale Mwaya, na wakati sisi tunalia, yeye alikaa ukingoni akijiuliza kwa nini umepita hapa na si pale. Nyumbani jina la makande likashika. Baba yangu, mzee Anangisye, alilisikia akaguna, "Mtu anatoka Mwaya mpaka Mbeya kula makande?"

Ili amalize fani hiyo, alitakiwa achague mahali pamoja, apachunguze kwa upande wa udongo, wa sheria na wa watu, kisha mwalimu wake aje apaone. Asipopitishwa, cheti kingesema uhasibu tu, na jasho lake lote la makande lingekwenda na maji. Akachagua shamba la kakao la baba, linalopakana na mto. Ukingoni kulikuwa na matete yaliyojiotea, naye alitaka kuonyesha kwamba ndiyo yanayoshika udongo. Alitaka pia baba aongeze matete mengine na kuondoa mistari miwili ya kakao iliyosogelea mno maji.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa mila yetu, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawazungumzi. Siku hizi wengi wamelegeza, wanakaa meza moja na kutaniana. Baba yangu hajalegeza hata uzi. Akisikika anakohoa njiani, Tusajigwe huingia migombani mpaka apite. Ni heshima, na wote wawili wanaipenda. Msidhani kuna ugomvi.

Kwa hiyo maneno yalibebwa na Ipyana. Kaka yangu ni mtu mwema, lakini anaogopa ugomvi kuliko mamba. Yaliyotokea tuliyajua baadaye, tulipomkalisha chini aseme.

Baba, aliyekuwa amesikia juu juu tu habari ya kung'oa kakao, alimtuma hivi: "Mwambie kakao yangu haing'olewi hata mche mmoja. Kama amekuja na sheria ya kutolima mita sitini toka mtoni, akaipimie kwao."

Ipyana akamfikishia mkewe: "Baba anakusalimu. Suala la kakao analifikiria."

Tusajigwe, ambaye kwa lugha yetu humwita baba mkwe wake "tata", akajibu: "Mwambie tata, bila matete mto utalimaliza shamba."

Ipyana akarudi kwa baba: "Tusa anashukuru. Anasema shamba lako ni zuri, mpaka mwalimu wa chuo atakuja kulitazama."

Baba angekataaje? Akakubali kwa furaha.

Siku ya siku Dokta Eliud, mwalimu wake, akashuka kwenye bodaboda, viatu vimejaa tope, anacheka tu. Tukaongozana shambani, Tusajigwe mbele. Tulipotokeza mwisho wa kakao, akasimama ghafla.

Matete hayakuwepo. Ukingo wote ulikuwa umefyekwa mpaka kwenye maji, umefagiliwa kama uwanja wa kanisa. Katikati yake alisimama baba yangu ndani ya koti lake la Jumapili, fyekeo ameliegemeza kwenye mti, uso unang'aa kwa fahari. Alikuwa amewasafishia wageni.

Nilimtazama wifi yangu, nikaumia. Mila ilimtaka akimbilie migombani. Aligeuka kweli, nikadhani anaondoka. Lakini akabaki palepale, amempa baba mgongo, khanga kichwani, akasema kwa sauti ya kufika Matema:

"Tata, samahani. Hayo matete ndiyo niliyokuwa nayasomea!"

Ipyana akajikohoza. "Baba, Tusa anasema amefurahi..."

"Nyamaza wewe!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baba naye akageuka, wakapeana migongo, na hapo wakaanza kubishana, mmoja anaiambia kakao, mwingine anauambia mto.

"Si ulisema shamba langu ni zuri?"

"Ni zuri, tata. Ndiyo maana sitaki liishie ziwani."

"Na kakao yangu unataka kuing'oa?"

"Mistari miwili tu. Nilituma maneno."

"Hayakufika," baba akasema, na Ipyana akawa anatazama viatu vya Dokta.

Lakini kukubali, hakukubali. "Mto huu naujua tangu sijaota ndevu. Hauwezi kufika hapa." Nampenda baba yangu, ila akishika jambo hata fahali hamng'oi.

Dokta Eliud alisema hawezi kupitisha matete yasiyokuwepo. Ila jirani yetu Amon alikuwa hajafyeka ukingo wake. Tusajigwe asubiri masika, alinganishe kingo mbili, kisha aandike. Na asisahau kuandika habari za mjumbe. Ipyana alinuna mpaka jioni.

Masika ya Kyela hayabishi hodi. Mvua iliponyesha mfululizo, nilimkuta wifi jikoni ameshika tama.

"Mto ukila shamba, ninapita," akaniambia. "Usipokula, tata anapona. Wifi, naomba nishindwe."

Mto ulikula. Kwa Amon matete yalilala, maji yakapita juu yake, kisha matete yakainuka tena. Kwetu ulikwenda mstari mzima wa kakao pamoja na matunda yake. Tusajigwe akapitishwa, tena kwa alama nzuri, lakini nyumbani hakutaka hata kigelegele kimoja.

Asubuhi moja tukiwa tunapika, tukasikia kikohozi. Tusajigwe akatafuta pa kukimbilia, lakini jiko letu lina mlango mmoja, na baba alikuwa amesimama nje yake, ametupa mgongo. Tangu harusi hajawahi kufika mlango wa jiko la mkamwana.

"Ipyana nimeacha kumtuma," akasema, akiiambia migomba. "Mkamwana, yale matete niliyafyeka mimi. Mstari mmoja umechukuliwa na mto. Wa pili nimeung'oa mwenyewe leo, na Amon amenipa mashina ya matete. Sasa sijui nipandeje."

Wifi yangu aligeukia ukuta, mwiko mkononi, machozi yanamchuruzika. "Tangulia, tata, nakuja. Ndaga fijo, asante sana."

Baba hakuondoka. Akakohoa tena.

"Na hayo makande yako ya Mbeya," akasema, "kama yamebaki, nipakulie na mimi."